Kupiga filme ya kauboi ya Kiitalia hapa Goma: simu moja, chukudu mbili, bunduki hakuna

Mimi hupiga video za harusi. Jumamosi utanikuta Himbi au Katindo, nimesimama juu ya kiti cha plastiki, nangoja maharusi wakate keki. Katikati ya wiki kazi hakuna, na hapo ndipo ninapofanya mambo yangu.

Papa alikuwa na chumba cha video. Televizio moja, mabenchi sita, na jenereta iliyokuwa ikizima palepale penye utamu. Mimi nilikaa mlangoni kupokea pesa. Wateja walitaka karate, lakini mwenyewe alipenda kauboi, na si wa Marekani. "Wale wanasema mingi," alisema. Alipenda kauboi wa Waitalia waliotiwa sauti ya Kifaransa, ambamo mtu anakaa dakika nzima kinywa kimefungwa, macho tu yanafanya kazi. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikachukua chumba, mabenchi na kanda zote. Leo juu ya lava ile wanauza vipuri vya pikipiki.

Kiangazi kilichopita nilipiga filme ya dakika nane kwa namna ile ya Waitalia. Vijana kadhaa wameniuliza nilifanyaje, basi naandika mara moja kwa wote.

Nianze na bunduki, maana hapo ndipo nilipokosea. Jaribio langu la kwanza, miaka kadhaa nyuma, nilimwomba seremala achonge bunduki mbili za ubao, nikazipaka rangi nyeusi, nikawapa vijana wawili kando ya barabara upande wa Mugunga. Sijabonyeza hata kitufe, mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani alituona kwa mbali, akatupa mzigo, akakimbia. Waliokuwa nyuma yake wakakimbia bila kuuliza. Dakika tano, barabara tupu. Nilitembea nyuma yao nikiomba msamaha, mzigo wa yule mama kichwani mwangu, hadi nikamkuta ameketi nyuma ya ukuta wa mawe anatetemeka. Katika mji huu bunduki ya ubao ikionekana kwa mbali ni bunduki. Kwa hiyo sharti la kwanza: hakuna bunduki, si ya mti, si ya plastiki. Hakuna nguo za kijeshi. Usipige karibu na kizuizi, daraja au uwanja wa ndege. Nenda kwa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, upate karatasi, na jioni ya kuamkia siku ya kazi pita nyumba kwa nyumba uwaambie majirani kutakuwa na nini.

Utaniuliza, kauboi bila bunduki ni kauboi gani? Nami nilijiuliza, na ndipo nikarudi kutazama upya. Chukua pambano la mwisho la filme ya 1966 ya mwongozaji Mwitalia Sergio Leone, ile ya Mwema, Mbaya na Mwovu: watu watatu wamesimama kwenye duara la mawe katikati ya makaburi. Wanatazamana dakika kadhaa. Kufyatua kwenyewe ni sekunde chache. Yote yaliyobaki ni kungoja: mkono, jicho, mkono, jicho. Bunduki ni kisingizio cha kuwafanya watu wangojane. Basi tafuta kisingizio kingine. Goma haikosi.

Changu kilikuwa hiki: njia nyembamba kati ya kuta mbili za mawe ya lava, upana wa chukudu moja. Kwa msomaji wa mbali, chukudu ni gari letu la mti la magurudumu mawili; mwenyewe huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili, na mzigo unaweza kufika magunia kadhaa. Pale kwenye mzunguko wetu mkubwa imesimamishiwa hadi sanamu. Mtu mmoja anatoka upande wa Kibumba na makala, yaani makaa ya kupikia. Mwingine anatoka sokoni na viazi. Wanakutana katikati. Nani arudi nyuma? Hakuna. Na nyuma ya mwenye viazi kuna mama mwenye beseni la sambaza kichwani, jua linapanda, samaki hawangoji. Watu watatu, kama kule makaburini.

Kabla ya kushika simu, elewa kwa nini Waitalia walipiga vile, usije ukaiga kofia tu. Pesa yao ilikuwa ndogo. Leone alipotengeneza kauboi wake wa kwanza, 1964, hakwenda Marekani. Alikwenda Hispania, na jangwa la Tabernas, mkoa wa Almería, likawa ndilo Marekani yenyewe. Hata majina walijibandika ya Kimarekani ili watazamaji wasiwadharau: Leone akaandikwa Bob Robertson, na mpiga muziki wake Ennio Morricone akaitwa Dan Savio. (Vijana wa Kinshasa wa miaka ya 1950 waliojiita Bills kwa ajili ya Buffalo Bill wangewaelewa vizuri sana.) Nyingi za filme hizo zilipigwa kwa mfumo wa Techniscope, uliobuniwa na kampuni ya Technicolor ya Italia. Mkanda wa milimita 35 kwa kawaida hupita kwenye kamera matundu manne kwa kila picha. Wao walitumia mawili tu. Mkanda uleule ukatoa dakika maradufu, na picha ikatoka pana na fupi kama mlango uliolazwa. Tena mfumo huo ulitumia lenzi za kawaida, zisizobana picha, kwa hiyo waliweza kusogea karibu kabisa na uso wa mtu na bado kilima cha nyuma kikaonekana wazi.

Sasa hapo simu yako inakuwa rafiki. Watu wa harusi hunilalamikia kwamba simu haififishi nyuma kama kamera kubwa. Kwa kazi hii ndicho tunachotaka! Uso mkubwa mbele, chukudu ndogo nyuma, vyote vikali. Zima ile modi inayofifisha nyuma kwa ujanja. Kisha lete upana: chukua upana wa picha, gawa kwa 2.35, utapata urefu unaotakiwa. Kwenye simu yangu picha ina urefu wa sentimita 7, inabaki 5.3. Kwa hiyo nabandika ukanda mweusi wa fundi umeme juu na chini ya kioo, karibu milimita 8 na nusu kila upande, na chochote kilicho chini ya ukanda hakinihusu. Kwenye montaji, yaani kukata na kuunganisha vipande, video ya 1920 kwa 1080 utaikata ibaki 1920 kwa 817. Ukipiga kwanza bila ukanda ukakata baadaye, utakata vipaji vya nyuso. Nimefanya hivyo. Hutaki.

Nyuso. Hapa chukua muda kuliko popote. Usitafute mtu mzuri, tafuta uso wenye habari. Leone aliupiga uso kama mtu anayepiga nchi: mikunjo ni mabonde, jasho ni mto. Mwenye makala nilimpata kwa sababu vumbi la makala lilikuwa limeingia kwenye mikunjo ya macho yake kama wanja. Mwenye viazi alikuwa mwembamba, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, mwezi wa saba, saa sita mchana. Mama wa sambaza sikumtafuta. Nilikuwa nikinunua kwake, nikamwona anavyomtazama mteja anayepunguza bei. Niliwalipa wote watatu pesa ya siku nzima, kwa sababu chukudu iliyosimama hailishi mtu.

Usiwaambie waigize. Mwenye makala aliniuliza, "Dada, sasa mi nafanya nini?"

"Hakuna kitu. Umuangalie tu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nikuambie."

Akanyamaza kidogo. "Hata mu kanisa hatungojaka hivi."

Dawa niliyoipata: nilimwambia amkumbuke mtu mwenye deni lake, ahesabu kimoyomoyo miezi yote iliyopita. Uso wake ukafunga kama duka. Mama hakuhitaji dawa.

Nguo zao waje nazo, zisifuliwe. Carlo Simi, aliyechora mavazi na majengo ya filme za Leone, aliwavisha watu nguo zilizochoka, zenye vumbi, wakati kauboi wengi wa Marekani walionekana wametoka kupiga pasi. Sisi vumbi tunalo la bure. Jasho lakini hukauka upesi kwa upepo wa ziwa. Pakaza mafuta ya mgando kidogo juu ya paji na chini ya macho, halafu nyunyiza maji kwa chupa ya saluni. Matone yatakaa.

Mwanga ndio uliotaka kunishinda. Mchanga wa Almería umepauka, unarudisha jua usoni kutoka chini. Lava ni nyeusi, inameza. Juu ya mawe yetu, saa sita mchana, mtu mweusi mwenye kofia anakuwa shimo lenye meno. Na simu, ikiona weusi umejaa kwenye fremu, inadhani ni usiku. Inaongeza mwanga, mbingu inaungua nyeupe. Fanya hivi. Gusa uso wa mtu kwenye kioo na ushikilie kidole hadi kufuli itokee, ili mwanga usibadilike tena, kisha shusha kidogo. Piga saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi, halafu saa tisa hadi saa kumi na moja. Weka jua nyuma ya bega la mtu, lichore ukingo wa shavu lake umtenganishe na jiwe. Na chini ya kidevu, nje ya fremu, mtoto ashike bati jipya au gunia jeupe la unga lililofungwa kwenye ubao, litupe mwanga machoni. Macho yasipong'aa huna filme.

Sasa kuweka picha. Sisi wa harusi tumezoea picha ya kati, mtu kutoka kiunoni kwenda juu. Isahau. Mtindo huu unaruka: kutoka mbali sana, watu wawili kama mchwa kati ya kuta, moja kwa moja hadi jicho linalojaza kioo kizima. Mruko huo ndio unaomfanya mtazamaji ajikaze kwenye benchi. Ile filme ya 1966 inafungua hivyohivyo: nchi tupu, hakuna kitu, halafu uso wa mtu unaingia ghafla kutoka pembeni na kufunika nchi yote. Nilimwiga bila aibu: njia tupu, ukuta, volkano kwa mbali, sekunde saba, halafu sikio, shavu, jicho la mwenye makala linaingia kutoka kushoto. Mwambie akae amechuchumaa chini ya simu kisha ainuke polepole kwa upande.

Kuna kanuni nyingine ya ajabu humo, nayo nilichelewa kuiona: kisicho kwenye fremu hakipo, hata kwa wahusika wenyewe. Watu wawili wa Leone wanatembea porini, na jeshi zima liko hatua chache mbele yao; hawalioni mpaka kamera ilione. Katika maisha ni upuuzi. Kwenye filme unakubali. Kwa hiyo mama wangu wa sambaza hayumo kabisa katika dakika tatu za kwanza, ingawa amesimama nyuma ya mwenye viazi kwa karibu kiasi cha kumgusa. Nilibana fremu. Anapotokea, mwenye viazi anashtuka, na watu hushtuka naye.

Kwa macho, usivute kwa vidole, picha itavunjika. Kama simu ina lenzi ya mara mbili, tumia hiyo na urudi nyuma hatua moja, maana lenzi pana ikiwa karibu huvimbisha pua. Na simu isishikwe mkononi. Mimi niliiegemeza kwenye kidumu cha lita tano kilichojaa mchanga, kimefungwa raba ya tairi.

Piga kila mtu peke yake, pozi zote: mbali, mkono, mguu juu ya ubao, kinywa, jicho. Kila pozi lishike sekunde 20 hata kama unahitaji mbili. Hii ni kazi ya kuchosha, na mtu wa viazi alitaka kuondoka mara mbili. Nunua soda.

Halafu montaji. Andika namba kwenye karatasi kabla ya kufungua programu. Yangu ilikwenda hivi: mbali, sekunde 12. Mwenye makala, 8. Mwenye viazi, 8. Mkono kwenye usukani, 6. Mguu, 5. Mama, 6. Kisha unakata robo, unakata nusu: 4, 3, 3, 2, 2, 1, 1, nusu, nusu, nusu, na kadiri sekunde zinavyopungua picha inasogea karibu, hadi mwisho ni macho tu, sita yanazunguka. Usikate kwa haraka mapema. Kijana mmoja alinionyesha yake, ameanza na nusu sekunde tangu mwanzo kama tangazo la simu. Akifika mwisho hana pa kwenda.

Sauti. Hapa Waitalia wametuachia zawadi, maana karibu zote zilitiwa sauti baadaye studioni. Waigizaji kila mmoja alisema lugha yake mbele ya kamera: Clint Eastwood Kiingereza, mwenzake Kiitalia, mwingine Kihispania. Kwa Goma ni wokovu. Jenereta, pikipiki, spika za kanisa. Acha yapige kelele yao, sauti ya siku ile hutaitumia. Rudi baadaye, jioni, na simu ya pili, uchukue sauti moja moja. Filme ya Leone ya 1968 inaanza na watu watatu wanaongoja treni, kama dakika 10, karibu bila muziki: kinu cha upepo kinachokwaruza, tone la maji juu ya kofia, inzi. Mimi nilichukua gurudumu la chukudu juu ya lava, ile sauti kavu ya kusaga ambayo kila mtoto wa hapa anaijua kabla ya jina lake. Raba ya breki ikikwaruza tairi. Kamba ya gunia ikijikaza. Tone kutoka beseni la sambaza. Inzi hatukumwita, alikuja mwenyewe kwa samaki, na nilimrekodi ndani ya chupa ya plastiki yenye tundu, mimi na simu chini ya blanketi. Zipandishe sauti hizo kuliko akili inavyokubali. Gurudumu lisikike kama mlango wa gereza.

Muziki ufanye kwanza, kabla ya kupiga. Kwa ile ya 1968 Morricone aliuandika na kuurekodi mapema, Leone akaupiga mahali pa kazi waigizaji watembee nao. Hao wawili walikuwa wamesoma darasa moja la shule ya msingi Roma. Na Morricone, badala ya kujaza okestra, alichukua mluzi wa Alessandro Alessandroni, gitaa la umeme, kengele, mjeledi, na sauti ya Edda Dell'Orso isiyo na maneno. Sisi tuna wapiga mluzi bora barani, nenda tu mahali wanaume wanapopakua mchanga. Soprano nilimchukua kwenye kwaya. Alitaka kujua maneno ni yapi, nikamwambia ni "aa", akacheka, akaimba, na mimi nywele zikasimama. Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa, ileile inayoita watu kanisani vijijini, ikigongwa kwa spana. Mpe kila mtu sauti yake: makala mluzi, viazi rimu, mama ile "aa". Wakitazamana, sauti zao nazo zinaonana.

Jambo la mwisho la kuazima ni saa. Katika filme ya Leone ya 1965 kuna saa ya mfukoni inayopiga wimbo; wimbo ukiisha ndipo watu wanafyatua. Hiyo ni hesabu ambayo mtazamaji anaisikia, anajua kifo kiko mwisho wa wimbo. Sisi tulitumia simu ya vibonyezo ya mama. Inaita ndani ya kitenge chake, wimbo ule mwembamba, na haipokei. Wanaume wawili wanaisikiliza. Inapunguza, inapunguza, kwa kuwa betri inaisha. Nusu sekunde, nusu sekunde, macho sita. Kimya.

Mama anashusha pumzi, anakaza beseni kwa mkono mmoja, anainua kitenge kwa mkono wa pili, anapanda juu ya magunia ya viazi, anapita juu ya makala, anashuka upande wa pili. "Pardon, ba papa." Ndilo neno pekee la filme nzima. Baada ya hapo usikate: acha simu itazame njia sekunde 15, chukudu mbili zimesimama, makala na viazi, mtu hata mmoja hajasogea.

Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama video, la sivyo itabana picha na macho yatageuka matope. Papa nilimpelekea kwenye kadi ya kumbukumbu. Alitazama hadi mwisho, akauliza bunduki iko wapi, halafu akasema nirudishe pale simu inapoita.